Nyumba ya Wajawazito Iliyofunguliwa Wae Lerong

Mwanangu mpendwa Rofinus,

Salamu nyingi kutoka kwangu mama yako. Baada ya zangu anakusalimu baba yako. Goti linamsumbua asubuhi, lakini akishapata kahawa anatembea kama kijana anayekwenda kuposa. Anakusalimu bibi yako, haoni vizuri siku hizi, ila ukipita na kipande cha nyama anakuona vizuri sana. Anakusalimu mdogo wako Oliva, mitihani amemaliza, majibu hataki tuyaongelee. Anakusalimu mjomba wako Nelis na mkewe Apolonia, na mdomo wa Apolonia ni uleule ulioondoka ukauacha. Watoto wao wote wanakusalimu, hata yule mdogo ambaye hamjaonana naye. Wakwe zako ng'ambo ya mto wanakusalimu. Nguruwe wote wazima. Na wa mwisho, si kwa udogo, anakusalimu mke wako Sela. Amelala hapa pembeni yangu, miguu imemvimba, anasema nikuandikie kwamba yeye hajambo. Nimeandika hajambo kwa kuwa ameniagiza, lakini macho yangu ninayo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu, kila nikifungua mdomo, unasema, "Mama, subirini nyumba, nyumba inakuja, mkubwa ameahidi," kisha unakatika. Barua haikatiki. Mkunga Ermelinda atazipiga picha kurasa hizi akutumie huko unakofanya kazi kwenye mashamba ya michikichi ya watu.

Basi kaa chini. Hiyo nyumba imefunguliwa jana, na mimi nilikuwepo.

Unajua tulivyoianza. Mkubwa aliposema mwaka jana kwamba wananchi nao wachangie nyumba ya wajawazito kungojea siku zao karibu na zahanati, wanaume wetu waliingia msituni wakachagua nguzo ya katikati. Tukaileta kama inavyoletwa tangu enzi za mababu, yaani bibi harusi wa mlimani: Oliva amepandishwa juu yake na taji kichwani, ngoma mbele, akina mama tunaimba, tukaipokea hapa chini Wae Lerong, penye zahanati, kwa mvinyo wa mnazi-mwitu na jogoo mweupe. Mkubwa mwenyewe ndiye alimshika yule jogoo, akanywa. Sasa nguzo ikishapokelewa hivyo, nyumba lazima isimame. Nani wa kwetu angempokea bibi harusi kisha amwache nje anyeshewe? Ndiyo maana tuliamini. Hata mimi, ambaye sukari ya dukani naionja kwanza, niliamini. Jana tukafunga mzigo wa Sela, nguo za mtoto ndani, tukamshusha mlima polepole tukijua jioni atalala humo, asije akashikwa uchungu njiani kama mara ya kwanza. Ya mara ya kwanza siandiki.

Kufika, nguzo yetu imesimama peke yake katikati ya uwanja, imefungwa utepe mwekundu kiunoni. Nyuma yake turubai kubwa lenye picha ya nyumba nzuri. Tukadhani nyumba yenyewe iko nyuma ya turubai. Nikaenda kuchungulia. Nyuma ya turubai kulikuwa na mbuzi.

Ndipo akasimama mkubwa mwenyewe, Bapa Doktorandus Fabianus Jelamu, msomi wa shahada na Mkuu wa Idara ya Usawa wa Afya ya Jamii. Unanijua, kusoma kwangu ni kwa kuhema, lakini nikisikia neno halinitoki. Hata mahubiri ya padri nawarudishia wenzangu jikoni na kikohozi chake. Maneno marefu Oliva amenisaidia kuyaandika. Alisema hivi:

"Mheshimiwa sana Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuweza kufika lakini moyo wake umefika na gari lake liko njiani, mheshimiwa Katibu wa Mwakilishi, aliyefika kwa niaba ya gari, waheshimiwa wakuu wa vitongoji, mlio kazini na mliostaafu na mnaotarajia, Baba Paroko, wazee watukufu wa mila, vyombo vya habari, yaani mpwa wangu Sandro na kamera yake, akina mama wajawazito mlioketi mbele kwa mpangilio wa ukubwa wa matumbo kama mlivyoelekezwa, na kwa namna ya pekee kabisa mke wangu mpenzi, Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, ya Mapambo na ya Keki, mabibi na mabwana, pale ambapo sijakutaja ujue nimekutaja moyoni. (Makofi, ya wale walioketi kwenye kivuli. Sisi wa juani mikono ilikuwa kichwani.)

"Ndugu wananchi, leo ni siku ambayo historia, ikiwa kweli historia ina macho, itaitazama Wae Lerong na kusema, kumbe! Kwa maana usawa wa afya ya jamii, kwa wale ambao hawakupata bahati ya kuhudhuria semina niliyoihudhuria mimi, si jambo la sindano na vidonge kama mnavyodhani huko mlimani, bali ni dhana mtambuka, shirikishi, jumuishi na endelevu, inayohitaji mkabala wa ngazi nne, wa kwanza ukiwa uelewa, wa pili uhamasishaji, wa tatu uelewa wa uhamasishaji, na wa nne nitautaja mwishoni muda ukiruhusu. (Haukuruhusu.) Na katika kuutafuta usawa huo, mimi binafsi sikulala. Nilisafiri. Nilivuka bahari nikiwa na Mama hapa, pamoja na wajumbe kumi na wawili wa kamati, tukaenda ziara ya mafunzo katika kisiwa chenye maendeleo, tukajifunza mchana na jioni tukatafakari ufukweni. (Apolonia nyuma yangu: 'Ndiyo maana amerudi mweusi hivyo, katafakari sana juani!' Vicheko.) Ninaona mnafurahi. Furaha nayo ni kiashiria cha afya, Sandro, hebu piga picha hiyo.

"Sasa baadhi yenu, na nasema baadhi kwa heshima, mmekuwa mkilalamika kwamba zahanati iko mbali, kwamba mto hauna daraja, kwamba mjamzito anabebwa na wanaume kwenye kiti kilichofungwa kwa mianzi mpaka barabarani. Ndugu zangu, wataalamu wamethibitisha kwamba umbali ni mtazamo. (Mjomba wako Nelis, kwa sauti: 'Bapa, na mto nao ni mtazamo? Maana mwaka jana mtazamo ulimchukua nyati wangu!') Asante kwa mchango huo, mzee, uandikwe. Mto ni changamoto, na changamoto ni fursa iliyovaa koti la mvua. Idara yangu haikukaa kimya juu ya mto. Tumeandaa fulana. Fulana elfu mbili zenye maneno 'Vuka Salama', za rangi ya machungwa ili anayevuka aonekane kutoka mbali, na zitagawiwa mara tu zitakapoisha zile za mwaka uliopita, ambazo ziko stoo kwa usalama wake.

"Tuje kwenye takwimu, kwa sababu kiongozi asiye na takwimu ni sawa na jogoo asiye na koo. Katika kipindi cha utawala wangu, asilimia mia moja na saba ya wajawazito wa tarafa hii wamefikiwa na huduma, na ile saba ya ziada ni wale tuliowafikia kabla hawajashika mimba. (Wanawake mbele wakatazamana. Mmoja akauliza, 'Nani alikufikia wewe?' Mwenzake akamjibu, 'Mimi kanifikia mume wangu tu.') Katika usawa, ambao ndio moyo wa idara yangu, tulikuta kijiji kimoja kina mkunga na kingine hakina, jambo lisilovumilika kwa serikali inayopenda haki, tukamhamishia mkunga yule ofisini kwetu akaandae taarifa, na leo hii hakuna kijiji kinachoweza kumwonea mwenzake wivu. Huo ndio usawa, ndugu wananchi! (Makofi ya mke wake.) Na sasa takwimu ninayojivunia kuliko zote, ambayo imesomwa hata mkoani watu wakiwa wamesimama. Vifo vya watoto wanaozaliwa njiani, ambavyo zamani viliichafua sana tarafa yetu, vimeshuka mpaka sifuri. Sifuri! Kwa njia gani? Kwa njia ya kitaalamu. Tuligundua kwamba njia haimo ndani ya eneo la zahanati yoyote, kwa hiyo linalotokea njiani halimhusu mtu, na lisilomhusu mtu haliandikwi."

(Hapa, mwanangu, hakuna aliyecheka. Sela alikuwa mstari wa mbele. Aliinama akawa anakunja ncha ya nguo yake, anaikunjua, anaikunja. Tuliyemzika chini ya mti wa kahawa pale kwenye kona kumbe ndiye sifuri. Apolonia hata yeye alinyamaza, na wewe unajua Apolonia kunyamaza ni nini. Bapa alidhani tumeguswa.)

"Naona mmeguswa. Nami huwa naguswa ninapoisoma. (Akanywa maji.) Basi niingie kwenye kiini cha siku hii, nacho ni nyumba. Tazameni picha ile nyuma yangu. Tazameni paa! Tazameni madirisha! Mjamzito wa mlimani, ambaye bibi yake alizaa kwenye majani, atalala humo kama malkia. (Apolonia akapata tena sauti: 'Bapa, mbona mbele ya nyumba kuna bwawa la kuogelea?') Bwawa lile, mama, ni la kimkakati. (Vicheko mpaka Baba Paroko akajifuta macho.) Na mfahamu kuwa ujenzi wa kisasa hauanzi na matofali kama walivyofanya wahenga, unaanza na uzinduzi. Nyumba ikishazinduliwa inakuwa imeingia kwenye mfumo. Ikiingia kwenye mfumo inakuwa na namba. Na nyumba yenye namba, ndugu zangu, haivuji. Kwa mantiki hiyo nyumba hii imekamilika kwa asilimia themanini na tano, na kilichobaki ni yale mambo madogo madogo yanayoonekana kwa macho.

"Ninaomba sasa mnufaika wa kwanza asogee. Wewe mama hapo, mwenye tumbo la mwisho wa mstari. Jina nani?"

Ndiye Sela, mwanangu. Akainuka na mzigo wake mkononi, sikuwahi kumzuia. Wakampa ufunguo wa kadibodi, mrefu kama mkono wangu, umepakwa rangi ya dhahabu. Sandro akamwambia, "Tabasamu, dada, uinue juu kidogo." Sela akauinua. Kisha akamgeukia Bapa, akamwuliza kwa sauti yake ile ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu na uwanja mzima ukasikia:

"Bapa, samahani. Leo nilale wapi?"

Akacheka Bapa. Akamshika bega kama anamshika mtoto. Akaendelea:

"Mnaona! Swali zuri sana! Hili ndilo tunaloita ushirikishwaji, mnufaika anauliza! Jibu lake, dada, ni kwamba usilale. Tusilale! Tukeshe katika kupigania usawa! (Makofi ya kivulini. Juani tulitazamana.) Maana mwanamke anayeuliza alale wapi bado yuko kwenye ngazi ya kwanza ya mkabala, ile ya uelewa, wakati sisi tuko ya tatu. Rudi ukae, ufunguo utauacha kwa Sandro, tunao mmoja na kesho tuna uzinduzi kwingine. (Sela akarudi kukaa. Nikamwekea mzigo wake miguuni pangu. Hakuniangalia.)

"Ninapoelekea kuhitimisha, tupaze sauti pamoja mpaka mkoani wasikie. Nikisema 'Usawa wa afya', ninyi mseme 'Umefika!' Usawa wa afya! (Kivulini: 'Umefika!' Nelis: 'Umefika wapi, mbona hatujapishana nao?') Nikisema 'Mjamzito kwanza', mseme 'Njiani hapana!' Mjamzito kwanza! (Nani aitikie hilo, mwanangu? Hata waliolipwa kukaa kivulini hawakuitikia vizuri.) Afya kwa wote, wote kwa afya, Wae Lerong juu, juu, juu zaidi!

"Na sasa shukrani, kwa sababu asiyeshukuru ni mchawi. Namshukuru Mwakilishi kwa gari linalokuja. Namshukuru Mama kwa keki. Naishukuru hoteli ile tuliyofikia wakati wa ziara ya mafunzo, kwa kuturuhusu kutumia picha yake kwenye turubai. Nawashukuru wenye uwanja huu, ambao ni wa mbuzi wa Mzee Siprianus na jioni hii utarudi kwa mbuzi. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi watu wa mlimani kwa kutoa nguzo hii nzuri. Maana nyumba yenyewe, ninyi ni watu wazima na kati yetu hakuna siri, haijawahi kuchorwa, haijawahi kuombewa hata msumari, wala hakuna mahali ilipotajwa isipokuwa katika hotuba zangu, ambazo nitaendelea kuzitoa bila kuchoka. Lakini nguzo ipo! Kwa hiyo lori lile pale litaichukua leo, ikasimamishwe mbele ya ofisi yangu, iwe ukumbusho wa ushirikishwaji wa jamii, nayo tutaipiga rangi. Asanteni kwa kunisikiliza, Mungu awabariki, keki ni kwa wenye kadi."

Ndiyo hotuba. Sikuongeza, na nikipunguza nimepunguza yale ya kukohoa.

Sasa nikwambie yaliyofuata. Vijana wa lori walishuka na kamba. Apolonia akaenda akakaa chini palepale penye nguzo, akanyoosha miguu kama yuko kwake. Akina mama wengine wakakaa, na mimi nikakaa. Bapa akaja, jasho linamtoka.

"Akina mama, tafadhali, ratiba inabana."

"Ratiba yako ikubane wewe, Bapa," Apolonia akamjibu. "Huyu ni bibi harusi. Wewe ulimpokea hapa kwa mkono wako, ukanywa na mvinyo wake. Sasa hukumjengea, unataka umpeleke kwako akawe pambo la mlangoni? Na mkeo anajua?"

"Mama, hii ni nguzo tu."

"Rudia hilo neno mbele ya wazee hawa, wamekaa wanasikia."

Bapa akarudi nyuma. Wazee walikuwa wameshainuka na fimbo zao. Vijana wa lori ni wa kwetu, wa bonde la pili, wakakunja kamba zao wakasema gari limepata hitilafu. Bapa akaondoka na gari la wageni na turubai limefungwa juu, ile hoteli inapepea. Nelis na wenzake watairudisha nguzo kijijini kwa heshima yake, hilo ni lao wanaume. Mimi lililonikalia kooni ni lingine.

Watu walipoanza kupanda mlima, Sela alikataa. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema, "Mama, mimi sipandi. Nikipanda sishuki tena." Tumelala jikoni kwa mkunga Ermelinda, yule wa hapa zahanati waliyemsahau kumhamisha, mkeka mmoja, miguu yetu inaelekea jiko. Asubuhi hii Ermelinda amenawa mikono akampapasa tumbo taratibu, kisha akaniita nje karibu na tangi la maji. Mtoto amelala mkingamo, Rofi. Kichwa kiko ubavuni. Anasema Sela asisubiri uchungu hapa, hana vifaa, hana damu ya kumwongezea. Apelekwe mjini kwenye hospitali yenye daktari wa kupasua sasa hivi akiwa bado anatembea mwenyewe. Ukija uchungu, ni ile njia tena.

Kaka Bene ana gari la kahawa linaloshuka mjini Jumamosi alfajiri. Nimemwomba atupe nafasi mbele, si nyuma kwenye magunia. Amekubali kabla sijamaliza kusema.

Anayekataa ni baba yako, ambaye naye amebaki hapa chini nasi. Anasema, "Mwenye mke alisema wasubiri nyumba. Siwezi kumhamisha mke wa mtu bila neno lake." Nikamwambia, nyumba ipi tena, mzee, wewe si ulikuwa umekaa pale? Anasema, Rofi akisema. Usimkasirikie. Mara ya kwanza yeye ndiye aliyesema tuondoke wakati mvua inanyesha, na tangu siku ile hata kuchagua kuku wa kuchinja ananiuliza mimi. Anaogopa, mwanangu. Mimi pia naogopa, ila mimi nikiogopa miguu inatembea, yeye akiogopa anakaa.

Basi neno tunalolingoja ni lako. Usituambie subirini. Usimngoje msimamizi wako akupe ruhusa ya kufikiri, wala usingoje Jumapili mkutane na wenzako mshauriane. Mwambie baba yako, "Mpelekeni." Hilo tu, mengine nitayafanya mimi. Piga kwa simu ya Ermelinda, asubuhi mtandao unashika, na ukikuta mimi ndiye nimepokea usiseme na mimi, sema mpe baba.

Sela ameamka sasa, anauliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia salamu.

Tuma neno leo.

Mimi mama yako,
Filomena